Newgrange ni feki au ya kweli? Jibu kwa dada wa Drogheda

Dada mmoja nesi anayeishi Drogheda, Ayalandi, kaniandikia, nafupisha hapa ili na wengine muelewe. Mama yake anakuja kutoka Malindi mwezi wa sita, yeye ana watoto wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine 11, na anataka wote waende Newgrange, kile kilima cha kaburi cha kale ambacho kipo karibu tu na mji anaokaa. Sasa mfanyakazi mwenzake, Mwairishi kabisa, kamwambia asipoteze hela yake, ile kitu ni feki, ule ukuta mweupe ni serikali imejenga juzijuzi. Na mama naye kwenye simu keshaanza, "mnanipeleka kwenye makaburi ya watu nikatafute nini?" Swali lake basi ni hili: aende au aache, na akienda aangalie nini.

Nenda dada. Na ukifika usiishie kupiga picha kwa nje, ingia ndani, maana alichokwambia ni kweli nusu, na hiyo nusu ya kweli yote iko nje.

Ngoja nianze na huo ukuta kwa sababu ndo umeleta maneno. Prof. Michael J. O'Kelly wa chuo kikuu cha Cork alichimba Newgrange kuanzia 1962 mpaka 1975. Alivyoikuta haikuwa hivi unavyoiona kwenye postikadi, kilima kilikuwa kimeota miti na majani, mawe yameporomoka kutoka juu yamemwagika mbele mpaka yakafunika mengi ya yale mawe makubwa ya ukingoni yanayozunguka kilima chote. Chini ya maporomoko hayo, upande wa mlangoni, akakuta tabaka la mawe meupe ya kwatsi yamechanganyika na mawe ya mviringo ya graniti, ya ukubwa wa kushika kwa mkono. Na hayo mawe si ya pale. Kwatsi inatoka milima ya Wicklow kusini ya Dublin, graniti inatoka kaskazini huko upande wa Mourne na pwani ya Dundalk, yaani kuna watu waliyabeba umbali wa makumi ya kilomita, hawana gurudumu, hawana farasi. Sasa mtu akikuta kitu kama hicho lazima ajiulize, haya mawe yalikuwa wapi kabla hayajaanguka?

O'Kelly akasema yalikuwa ukuta. Hakukisia tu, alijenga kipande cha ukuta wa majaribio akauangusha aone mawe yanavyolala yakianguka, akalinganisha na alivyoyakuta kwenye udongo, akaridhika kwamba palikuwa na ukuta umesimama karibu wima kama mita 3 hivi. Ndo ukajengwa huo. Tatizo liko hapa, na fundi yeyote wa nyumba atalielewa bila kusomea: ukuta wa mawe madogo uliosimama wima namna ile hauwezi kuzuia uzito wa kilima kizima cha mawe na udongo kikiusukuma kwa nyuma, kwa hiyo ilibidi nyuma yake kumwagwe zege yenye nondo. Wakulima wa mwaka 3200 KK hawakuwa na zege wala nondo. Kwa hiyo wanaakiolojia wengine walishapinga zamani, wapo wanaosema kwatsi ile ilitandazwa chini mbele ya mlango kama uwanja, wapo wanaosema lilikuwa ni jukwaa la chini, mjadala haujaisha na mimi nadhani hautaisha. Kama unataka maoni yangu, ukuta ule umesimama wima mno. Lakini mawe yenyewe ni yale yale, yalikutwa pale pale, na hakuna aliyeyaleta kwa lori kutoka dukani.

Alafu kuna kitu kimoja ambacho watu wengi hawakigundui mpaka waambiwe. Ukisimama mbele ya mlango utaona kulia na kushoto ukuta umeingia ndani kwa kujipinda, umejengwa kwa mawe meusi. Hiyo sehemu ni ya kisasa asilimia mia, haijifichi, ilifanywa makusudi ili watalii wapate nafasi ya kupita bila kukanyaga jiwe la mlangoni, na mawe yakawekwa meusi ili ijulikane kuwa ni mapya. Zamani hakukuwa na nafasi ya kupita hapo. Ulikuwa unakuta jiwe kubwa limelala mbele yako, lile lenye michongo ya kujizungusha, na ulikuwa huingii, kwisha.

Sasa linganisha na Knowth. Ni kilima kingine, jirani kabisa, upande wa magharibi, watu walewale wa zama zilezile. Huko aliyechimba ni George Eogan, na yeye alianza mwaka huohuo 1962 akaendelea zaidi ya miaka 40. Naye akakuta kwatsi mbele ya milango. Unajua alifanyaje? Akaiacha chini, imetandazwa kama alivyoikuta. Kwa hiyo tiketi moja ya siku moja inakuonyesha majibu mawili ya swali moja, wataalamu wawili wenye akili zao, mawe ya aina moja, mmoja kasimamisha ukuta na mwingine kaacha sakafu. Mtoto wako wa miaka 11 muulize njiani mkirudi yeye anaona nani kapatia, utashangaa.

Hayo ni ya nje. Ndani ni habari nyingine kabisa.

Ukiingia kuna korido ya mita 19, nyembamba, kuta zake ni mawe marefu yamesimamishwa, mengine yameinama kidogo kiasi kwamba kuna mahali unapita ubavu ubavu na unainamisha kichwa. Sakafu inapanda taratibu, hutaigundua, lakini ukifika chumbani miguu yako iko karibu mita 2 juu ya usawa wa mlango. Shika hilo, nitalirudia kwenye jua. Hii korido nayo, nisikufiche, baadhi ya mawe yake yaliyokuwa yamelala sana yalinyooshwa wakati wa matengenezo maana watu walikuwa hawapiti. Ila chumba chenyewe hakikubomolewa wala kujengwa upya. Simama katikati uangalie juu. Paa ni mawe mapana yamepangwa mzunguko juu ya mzunguko, kila mzunguko umechomoza ndani kidogo kuliko wa chini yake, mpaka yanakaribia kukutana na kufungwa na jiwe moja juu kabisa, kimo cha mita 6 hivi. Hamna chokaa, hamna saruji, hamna mbao. Na halivuji. Ayalandi, dada, wewe unaijua mvua yake, paa lina zaidi ya miaka 5,000 na chumba kikavu.

Halivuji kwa sababu walioezeka walijua kazi. Juu ya mawe ya paa la korido, sehemu ambayo hakuna mtu angeiona tena baada ya kilima kufunikwa, walichonga vijifereji vya kupeleka maji pembeni. Na nafasi kati ya jiwe na jiwe wakaziba kwa mchanga na udongo ulioungua. Ule udongo ulioungua ndo ulipimwa maabara kwa njia ya kaboni ukatoa umri, kama mwaka 3200 KK, kwa hiyo mtu akikwambia umri wa Newgrange ni wa kubahatisha mwambie umepimwa kutoka kwenye kiziba paa chenyewe. Piramidi kubwa ya Giza haijajengwa bado, itasubiri miaka 600 na zaidi. Mi nikiwa pale huwa nawafikiria hao mafundi wa vifereji kuliko wafalme, maana michongo mingine nayo iko nyuma ya mawe, upande uliogeuziwa ndani ya kilima, imechongwa alafu ikafichwa hapohapo, haikuwa ya kuonyeshwa mtu.

Kuna vichumba vitatu pembeni, kushoto, mbele na kulia. Cha kulia ndo kikubwa na kina mapambo kuliko vyote, mwambie mtoto ainue kichwa aangalie jiwe la darini. Chini kuna mabeseni ya mawe, moja limewekwa ndani ya lingine. Kwenye kichumba cha mbele, upande wa kulia, kuna mchongo wa mizunguko mitatu iliyoungana, si mkubwa, ndo ule unaouzwa kwenye hereni na tisheti Ayalandi nzima, na watu wengi hudhani ni wa Waselti, wale watu wa kale wa Ulaya wanaohusishwa sana na Ayalandi. Waselti hawakuwepo. Mchongo ule umewatangulia kwa zaidi ya miaka 2,000. Utaona pia majina ya watu yamechorwa kwenye mawe, watalii wa miaka ya 1800, wajinga hawakuanza leo.

Haya, jua. Juu ya mlango kuna kijidirisha, uwazi mwembamba kama kisanduku cha mawe. Jiwe lake la juu lenye mapambo lilikuwa linaonekana tangu karne ya 19 lakini hakuna aliyejua ni la nini. O'Kelly alikuwa anasikia wenyeji wakisema jua huwa linaingia ndani ya kaburi, wengi walidhani wanachanganya na Stonehenge, lile duara la mawe la kale la Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1967 akaingia peke yake asubuhi akakaa chumbani gizani. Kwenye saa 3 hivi asubuhi kwa hesabu yetu mwali ukapita kwenye kile kijidirisha, ukatambaa kwenye sakafu mpaka chumbani, ukapanuka, chumba kikaonekana kila kona, alafu ukaanza kusinyaa mpaka ukakatika. Kama dakika 17 hivi. Ndo maana sakafu inapanda, usawa wa chumba uko sawa na ule uwazi wa juu ya mlango, mwanga wa mlangoni haufiki kule, unaofika ni wa kijidirisha tu, na ni zile siku chache tu zinazozunguka siku fupi kuliko zote za mwaka. Wapo walioandika kwamba hata kijidirisha ni ubunifu wa wachimbaji, mi sikubaliani nao. Kilikutwa na jiwe la kwatsi la kukizibia, na chini yake mikwaruzo ya jiwe hilo kuvutwa mbele na nyuma mara nyingi, na korido nzima na mteremko wake havina maana bila hicho kijidirisha.

Ila wewe unaenda Juni, kwa hiyo hilo jua hulioni, na usisikitike. Kuingia chumbani asubuhi za Desemba ni kwa bahati nasibu, watu makumi ya maelfu wanajaza fomu na wanaopata ni wachache mno, na hata ukipata, mawingu ya Ayalandi hayajui kama umeshinda. Mtembeza wageni atazima taa zote, mtakaa kwenye giza ambalo watoto wa siku hizi hawajawahi kuliona, alafu atawasha taa ndogo iliyotegwa kuigiza ule mwali. Ni balbu, sawa, lakini giza ni lile lile. Huyo mdogo wa miaka 7 mshike mkono kabla taa hazijazimwa, na kama kuna mtu kwenu anaogopa sehemu za kubana mwambie mapema asimame karibu na mlango au abaki nje, hakuna atakayemcheka.

Sasa tuje kwa mama, maana swali lake ndo la maana kuliko la huyo mfanyakazi mwenzako.

Mwambie kwanza mifupa haipo. O'Kelly alikuta mabaki ya watu kama watano tu, mengine yamechomwa moto mengine hayajachomwa, na yalishatolewa. Lango la kaburi lilifunguliwa 1699, mwenye shamba alikuwa anatafuta mawe ya kujengea, vibarua wake wakaliona jiwe la mlangoni, toka hapo watu wameingia na kutoka karibu karne tatu kabla ya uchimbaji wa kitaalamu, kilichopotea hatutakijua. Kwa hiyo haingii mahali penye maiti. Anaingia nyumba waliyojengewa wafu. Na mama wa Malindi mgeni wa mambo hayo? Kule karibu na msikiti wa Juma mjini kwao kuna makaburi yenye mnara, wazungu wanakuja kuyapiga picha kila siku, na hakuna anayeona ni laana, cha muhimu ni mtu aingie na adabu zake. Adabu zenyewe ni zile zile: huvuki kamba, hupandi juu, huchukui kijiwe cha kumbukumbu, huongei kama uko sokoni. Ndani hairuhusiwi picha, na kwa kweli inasaidia.

Alafu msimulie habari ya huyo mtu wa Newgrange, atasahau kabisa alikuwa amekataa kuja. Mwaka 2020 watafiti wa Trinity College Dublin wakiongozwa na Lara Cassidy walitoa matokeo ya DNA kwenye jarida la Nature. Walipima mfupa wa fuvu wa mwanaume mmoja aliyekutwa Newgrange, wakakuta wazazi wake ni ndugu wa damu wa karibu kabisa, kaka na dada, au mzazi na mtoto wake. Jamii nyingi duniani hiyo ni mwiko mkubwa, pale inaporuhusiwa mara nyingi ni kwa wafalme wanaojiona ni miungu, kama walivyofanya baadhi ya mafarao. Wakakuta pia ndugu zake wa mbali kwenye makaburi ya Carrowmore na Carrowkeel, huko Sligo upande wa pili wa nchi. Magazeti yote yakaandika mfalme wa Newgrange kapatikana. Miaka mitano baadaye, 2025, kundi lingine la wataalamu likaandika kwamba tupunguze kasi, huo ni mfupa mmoja, kipande cha fuvu, wala hatujui kiliingia lini na kwa namna gani, na kutoka hapo mpaka kumvika mtu taji ni mbali. Mi niko na hawa wa pili. Kwamba wazazi walikuwa ndugu, hilo ni jibu la maabara. Kwamba alikuwa mfalme, hayo ni maelezo ya watu.

Ila kuna kitu hapo kinanisumbua mpaka leo. Karne ya 11 watawa wa Ayalandi waliandika visa vya majina ya mahali, na kisa cha Dowth, kilima cha tatu pale pale kwenye bonde la mto Boyne, kinasema mfalme alilazimisha watu wote wamjengee mnara ufike mbinguni kwa siku moja, dada yake akafanya uchawi jua lisimame lisizame mpaka kazi iishe, mfalme akalala na dada yake, uchawi ukaharibika, usiku ukawaangukia ghafla na wajenzi wakatawanyika. Kaka na dada, jua lililosimama, kilima. Iliandikwa miaka 4,000 baada ya ujenzi. Sisemi ni kumbukumbu iliyorithishwa muda wote huo, inaweza ikawa bahati tu. Lakini ukikaa Dowth jioni na kisa hicho kichwani utaielewa kwanini hao waliotafiti DNA hawakuweza kuacha kukitaja.

Kama mama ni mtu wa kanisa na bado anasita, mpeleke Tara siku nyingine, kilima cha kale cha wafalme wa Ayalandi. Ni karibu na Navan, hamna tiketi ya kutembea pale kilimani, na Juni jua linazama karibu saa 4 usiku kwa hiyo hata ukitoka shifti ya mchana mnawahi. Pale kuna kilima kidogo cha kaburi, Mound of the Hostages, kidogo kwa sura lakini ndani yake yalikutwa mabaki ya mamia ya watu, yalizikwa kwa vizazi na vizazi, pamoja na kijana mmoja wa zama za shaba aliyezikwa na mkufu wake shingoni. Ina mlango wa chuma, chungulia kushoto kuna jiwe lenye michongo. Lakini kitakachomfurahisha mama ni hiki: kati ya 1899 na 1902 walikuja Waingereza fulani walioamini wao ndo kabila lililopotea la Israeli, wakaanza kuchimba Tara wakitafuta Sanduku la Agano. Ndiyo, lile la Musa. Waandishi wa Ayalandi, W. B. Yeats, Douglas Hyde na wenzao, wakaandika kwenye gazeti la The Times la London kupinga. Sanduku halikupatikana, kilichobaki ni eneo moja la kale limevurugwa, ukipita kule juu bado unaona ardhi haikukaa sawa.

Turudi bondeni. Ukikata tiketi hakikisha ni ile yenye Newgrange mpaka ndani ya chumba, kuna aina zaidi ya moja na watu wengi wanafika pale ndo wanagundua yao ni ya nje tu. Huendi na gari lako mpaka kilimani. Unaenda kituo cha wageni karibu na Donore, kusini ya mto Boyne, unapaki, unaangalia maonyesho, unavuka mto kwa daraja la miguu alafu basi zao ndo zinawapeleka. Kwa hiyo GPS ikikupeleka moja kwa moja Newgrange upande wa kaskazini ya mto utafika getini na hutauziwa tiketi. Mama kama magoti yanamsumbua ajue kuna kutembea na kuna kupanda kidogo, na mabegi hayaingii ndani, ya mgongoni ndo kabisa. Koti la mvua hata kama asubuhi ni jua.

Knowth usiikimbilie. Watu wanaipita haraka kwa sababu huko huingii kwenye korido, unaangalia tu kupitia chumba kilichotengenezwa kwa ajili ya wageni, wanaona wameonewa. Lakini kwa upande wa michongo Newgrange haifui dafu. Kuna mawe 127 ya ukingoni, mengi yao yamechongwa, duara, mawimbi, kitu kama saa ya jua, na wanakadiria eneo hilo pekee lina zaidi ya robo ya michongo yote ya mawe ya makaburi ya zama hizo Ulaya magharibi. Wewe zunguka taratibu mawe yote. Kilima kina korido mbili, moja inaangalia mashariki nyingine magharibi, ile ya mashariki ndefu kama mita 40, na kwa nje kimezungukwa na makaburi madogo zaidi ya 15. Na watu hawakuliacha kaburi likakaa kimya, baadaye sana wafalme wa eneo hilo walihamia juu yake wakajenga makazi, wakachimba mahandaki ya kujificha, kuna hata majina yamechorwa ndani. Ndani ya kaburi lenyewe kilipatikana kichwa cha rungu cha jiwe la gumegume, kinatosha kiganjani, kimechongwa kwa mizunguko mpaka ukikitazama kwa mbele unaona sura ya mtu ameachama mdomo. Hicho hakipo Knowth, kipo makumbusho ya taifa, Kildare Street, Dublin, kuingia bure. Siku mnayompokea mama au kumsindikiza mpitie hapo, nusu saa tu inatosha.

Dowth ni ya bure na haina msongamano, unaiangalia kwa nje. Ina shimo kubwa juu, hilo ni la wachimbaji wa 1847 walioingilia kwa juu wakakosa walichotaka wakaondoka. Serikali ilinunua mashamba ya pale 2023, ekari zaidi ya 500, kwa mpango wa hifadhi ya taifa. Na ukisimama barabarani kati ya vilima hivi ujue mashamba unayoyaona yana mengine chini. Kiangazi cha 2018 ukame ulikuwa mkali, majani yakakauka kwa mpangilio, Anthony Murphy na Ken Williams wakarusha droni wakaona duara kubwa ambalo hakuna aliyekuwa analijua, liko karibu tu na Newgrange. Ndo maana mtu haruhusiwi kupita pale na mashine ya kutafutia vyuma bila kibali, sheria yao iko wazi kabisa kwa hilo.

Huyo mwenzako kazini usibishane naye. Mwambie tu kabla mtu hajasema Newgrange ni feki azunguke mpaka nyuma ya kilima, upande wa pili kabisa na mlango, akaangalie jiwe la ukingoni lenye namba 52. Limechongwa vizuri karibu sawa na lile la mlangoni, lina mstari umepita katikati wima, liko pale lilipowekwa, hakuna zege wala ukuta mweupe, na mara nyingi hakuna hata mtu maana wote wako mbele wanapiga selfi. Mtembeza wageni akimaliza huwa anawaachia dakika kidogo za kuzunguka kabla ya basi, hizo dakika zitumie huko nyuma.

Tiketi kata mtandaoni mapema, za Juni wikendi zinaisha, na kama zamu zako zinakuruhusu chagua siku ya katikati ya wiki na kundi la kwanza la asubuhi, mabasi ya watalii kutoka Dublin yanakuwa hayajafika.